Bega la Xaveria na Kigari cha Jirani

Jua bado halijauvuka mlima Kwaraha, lakini Xaveria Tluway ameshasali na ameshapiga magoti mbele ya jiwe lake la kusagia. Anamwaga konzi ya ulezi, analishika jiwe dogo kwa mikono miwili, analisukuma mbele, analirudisha. Unga unaanguka kwenye ngozi ya mbuzi iliyotandikwa chini. Jiwe hilo dogo ni jipya, bado linatoa mchanga, na unga wa leo ni wa kuku. Akishasukuma mara ishirini anatulia, anakunja uso, anajishika nyuma ya bega la kulia.

Ng'ambo ya ua wa minyaa linasikika jiwe jingine. Hilo halitulii.

"Msikilize," anasema, akielekeza kidevu kwenye ua. "Tangu umeingia hapa, umemsikia akipumzika? Hapumziki yule. Na ni mimi niliyemfundisha kusaga."

Xaveria ana miaka arobaini na saba. Anakaa Bonga, kusini mwa mji wa Babati kwenye barabara ya Dodoma, pamoja na mumewe Anselmi, ambaye analima mahindi na ulezi. Alizaliwa juu Mbulu, akaletwa huku na ndoa, na katika mzigo wake wa bibi harusi kulikuwa na jiwe dogo la kusagia alilopewa na mama yake.

Kwa miaka mingi jiwe hilo lilikaa pembeni. Watu walipeleka nafaka mashineni. Lakini mwezi Machi mwaka huu wa 1984 mashine ya kusaga ya kijijini ilizima kwa kukosa dizeli, na tangu hapo imewaka siku sita tu. Mwenye mashine amefunga mlango kwa kamba, na kuku wanataga ndani.

Hapo ndipo wanawake wa Bonga walipokumbuka kwamba Mama Basil, kama wanavyomwita Xaveria, ana jiwe na anajua kulitumia. Walikuja na vikapu. Kwa kila pishi alilipwa shilingi tano, au chumvi, au kipande cha sabuni.

"Napenda sabuni," anasema. "Shilingi ninazo, lakini duka halina kitu. Shilingi haifui nguo."

Miongoni mwa waliokuja alikuwamo jirani yake Wilhelmina, Mlutheri wa kutoka Kilimanjaro, mke wa karani, mama mcheshi mwenye mikono minene. Hakuleta nafaka. Alitaka kujifunza. Xaveria alimshika viganja, akamwonyesha namna ya kuegemeza kiuno badala ya kuchosha mikono. Akamtafutia na fundi wa kumchongea mawe yake.

Kufika Juni, Xaveria alikuwa akisaga pishi tatu kwa siku. Mwanafunzi wake alikuwa anasaga tano.

"Nilifurahi?" anajiuliza mwenyewe. "Ningekudanganya. Nilisema hongera kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nahesabu vikapu vinavyopita mlangoni kwangu kwenda kwake."

Bega lilianza kuuma wakati huohuo. Maumivu yalikaa kati ya mfupa wa bega na uti wa mgongo, mahali ambapo mkono wake mwenyewe haufiki. Vigimbi vya miguu navyo vilikaza kwa kupiga magoti. Alimtuma mumewe mjini kutafuta dawa ya kuchua, naye akazunguka maduka matatu na kurudi na pole.

Siku moja alipokwenda kumsalimu Wilhelmina, akamkuta kakaa uani juu ya kigoda, mguu mmoja kaunyoosha, anajichua kigimbi kwa kitu ambacho Xaveria hakuwahi kukiona. Kilikuwa na mpini mrefu, na mwishoni magurudumu manne madogo ya mbao yaliyotiwa kwenye waya mnene. Yalipita juu ya nyama ya mguu yakizunguka, na Wilhelmina alikuwa amefumba macho.

"Karibu, Mwalimu," Wilhelmina alisema bila kufumbua. Tangu afundishwe kusaga humwita hivyo, na Xaveria hajawahi kujua kama ni heshima au utani. "Ndiyo mashine yangu hii."

"Nayo inatumia dizeli?"

"Inatumia nyama!" Wilhelmina alicheka, akajipiga paja. "Herieli amenichongea huko Arusha, si unajua mwanangu ni seremala. Jioni napitisha hapa, napitisha hapa, asubuhi naamka kama sijasaga."

Xaveria alisubiri aambiwe, "Hebu jaribu." Hakuambiwa. Naye hakuomba.

"Ningeomba vipi?" anasema leo. "Ningekuwa nakiri kwamba nimechoka na yeye hajachoka. Nikamwambia kina rangi nzuri, nikaenda zangu. Njiani nikasema, Mungu wangu, mbona mtoto wangu Basil ni askari? Kwa nini hakuwa seremala?"

Kuanzia siku ile nyumba ya Xaveria iligeuka karakana. Alianza na gunzi la mahindi, akalisugua begani likamkwaruza na kukatika. Akachukua chupa ya soda, akaiviringisha kwenye vigimbi na mapaja, na hiyo ilimfaa kweli, miguu ililegea. Lakini chupa haikufika mgongoni. Akalala chali juu ya mchi wa kinu, akajiviringisha na uzito wake wote, mchi ukapita juu ya uti wa mgongo. Siku mbili alitembea ameinama.

"Nilimkuta sakafuni," anasimulia Anselmi, mzee mpole asiyeharakisha maneno. "Nikamuuliza, mama, unajitwanga? Akaniambia ndugu zake walimlea kwa dawa chungu, kwa hiyo kinachouma ndicho kinachoponya. Nikasema basi ng'ombe akikukanyaga utapona kabisa."

Anselmi alimshauri abaki na chupa kwa ajili ya miguu, na kwa bega amngojee yeye arudi shamba amkande kwa mkono. Xaveria hakutaka. Mkono wa mume si kitu cha kuonyesha jirani.

Anakiri jambo hilo waziwazi, akiwa amejiinamia. "Sikuwa natafuta nafuu. Nilikuwa natafuta kitu cha kukipita kile cha kwake."

Mwishoni mwa Julai ikaja habari iliyozidisha joto. Mwanne, muuguzi msaidizi kutoka Kondoa anayesimamia uji wa watoto wenye uzito mdogo katika kliniki moja ya hapa, alihitaji unga wa ulezi kila wiki mpaka mashine ziwake. Malipo yake yalikuwa sabuni, mche mzima kila mwezi, na shilingi mia moja na ishirini. Alipita kwa wote wawili.

"Shikamoo, mama," alimwambia Xaveria. "Ijumaa niletee pishi kumi. Mwenzako naye ataleta kumi. Nitakayependa unga wake ndiye nitakayempa kazi."

"Marahaba, mwanangu. Na ukipenda wote?"

"Bajeti yangu inapenda mmoja."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Pishi kumi kwa siku nne zilimtaka asage mbili na nusu kila siku, kazi ambayo angeiweza kama bega lingekubali. Jioni ya Jumatatu bega lilikataa.

Xaveria akakumbuka bibi yake kule Mbulu, ambaye wakati wa uzazi alimpashia jiwe moto, akalifunga kwa kitambaa na kumkandia kiuno. Lile lilikuwa jiwe la mtoni. Lakini Xaveria alitaka lenye umbo zuri la mviringo, laini, linalobingirika mgongoni vizuri kuliko magurudumu ya Wilhelmina. Na jiwe zuri kuliko yote nyumbani kwake lilikuwa lile la mama yake, lililolainishwa na viganja vya miaka sitini.

Alikuwa ameliosha muda mfupi kabla, na lilikuwa bado limelowa. Akaliweka katikati ya makaa.

"Lililia," anasema. "Lilipiga mlio kama mlango unaogongwa. Nilipolitoa kwa koleo, lilikuwa vipande viwili."

Anapangusa unga ambao haupo kwenye magoti.

Jiwe la namna ile halinunuliwi. Hutafutwa milimani, huchongwa, hugongwa uso wake ili lipate meno, kisha husagiwa pumba wiki nyingi mpaka liishe mchanga. Xaveria alikuwa na siku tatu.

"Nenda kwa jirani," Anselmi alimwambia asubuhi. "Mwambie akishamaliza yake, mchana akuazime."

"Kwa yule?"

"Kuna mwingine mwenye jiwe?"

Alikwenda. Anasema alisali rozari nzima katika hatua arobaini za kutoka mlangoni kwake mpaka kwa Wilhelmina, akiomba kwamba asimkute. Alimkuta.

Wilhelmina alisikiliza mpaka mwisho, akaweka mkono mdomoni. "Mwalimu! Ulimpika mwana wa jiwe? Mimi mgeni wa mawe sijui mengi, lakini hata mimi najua hawapikwi!"

"Cheka, mama. Ukimaliza kucheka uniambie."

Wilhelmina aliacha kucheka. Akalitazama jiwe lake, akamtazama mwenzake. "Mama Basil, sitakudanganya. Jiwe siwezi kukupa. Mchana nasaga, jioni nasaga. Na mimi nina watoto wanaooga bila sabuni. Kazi ile naitaka."

"Nimeelewa."

"Ngoja." Aliingia ndani, akatoka na kigari cha kuchulia. "Hiki chukua. Kaa nacho mpaka Ijumaa. Najua ulikuwa unakitazama."

Kitu alichokitamani kwa miezi miwili kikawa mikononi mwake, siku ambayo hakuwa na la kukifanyia. Alikipokea kwa sababu hakujua namna ya kukataa. Nyumbani alifunga mlango, akakaa, akapitisha magurudumu kwenye vigimbi. Yalikuwa matamu, sawa kabisa na chupa ya soda. Akainua mpini kuelekea bega. Magurudumu yalipita juu ya mfupa, yakapita pembeni, yakarudi. Pale penye maumivu, kwenye lile bonde dogo kati ya mfupa na uti wa mgongo, hayakuingia.

"Kilitengenezwa kwa miguu ya Wilhelmina," anasema. "Yeye haumwi bega. Haumwi kabisa! Miezi miwili nilikosa usingizi kwa ajili ya kitu ambacho hata hakinifai."

Siku tatu zilizobaki alisaga kwa jiwe la kuokota, akichekecha unga mara mbili. Ijumaa alifikisha pishi nne. Wilhelmina alikuwa amefikisha kumi, na mfuko wake umefungwa kwa utepe.

Mwanne alionja unga wa mmoja, akaonja wa mwingine. Alipofika kwa ule wa Xaveria meno yake yalitoa mlio mdogo.

"Mama, unga huu una mchanga. Ni wa watoto."

"Najua, mwanangu. Nimeuleta kwa sababu niliahidi."

Kazi ilikwenda kwa Wilhelmina. Xaveria alimrudishia kigari palepale kliniki, akakishika kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani ya wenyewe, akasema asante. Alipogeuka kuondoka, Mwanne aliona anavyobeba mkono wa kulia, akamwita kando.

Alimbonyeza begani mpaka akapata pale panapouma. Kisha akamuuliza alikuwa anatumia nini, na Xaveria akataja vyote, gunzi, chupa, mchi, jiwe. Mwanne alicheka, halafu akamwonya. Alimwambia kitu chochote kigumu kisipite juu ya uti wa mgongo wala juu ya mfupa. Kichue nyama peke yake. Kwa nyama ndefu za mguu, kitu kinachobingirika kinatosha, na chupa isiyo na ufa ni nzuri. Kwa bega, atafute kitu kidogo cha mviringo kinachobonyea.

"Chukua soksi kuukuu, jaza mahindi makavu, funga. Simama, weka kati ya bega na ukuta, egemea taratibu, pumua. Dakika mbili, basi. Kikikuumiza mpaka ukabana meno, umezidisha. Na vidole vikianza kufa ganzi, usijichue, njoo hospitali."

Soksi ilikuwa ya Anselmi, yenye tundu kidoleni. Sasa inaning'inia kwenye msumari karibu na picha ya Bikira Maria, na kila jioni Xaveria huegemea nayo ukutani akisema Salamu Maria kumi, ambazo anasema ni sawasawa na dakika mbili na ushee. Bega halijapona, lakini linainuka.

Wivu, anasema, ndio uliobaki bila dawa. Wiki mbili zilizopita alijikuta anasali dizeli ifike Babati. "Si kwa ajili ya watu. Nilitaka mashine iwake ili Wilhelmina akose kazi. Nikawa katikati ya sala ndipo nikakumbuka kwamba hata mimi nitakosa. Nilikwenda kuungama. Padri alikohoa sana, nadhani alikuwa anacheka."

Jiwe jipya alilitoa Anselmi kwenye miteremko ya Kwaraha, akalibeba mabegani nusu siku. Limeshachongwa. Kila alfajiri Xaveria analisagia ulezi wa kuku, na mchanga unapungua.

Mwanne amemwambia kwamba Oktoba watoto wa uji wataongezeka, kwa kuwa mvua za mwaka huu zilikuwa mbaya, na mfuko mmoja hautatosha. Atahitaji msagaji wa pili. Xaveria amepanga kupeleka pishi moja ya mfano kabla ya Septemba kwisha, na safari hii ataionja yeye kwanza.

"Sikuzoea kuwa wa pili, hasa kwa mtu niliyemshika mikono," anasema. Anajifuta jasho, anaongeza konzi ya ulezi juu ya jiwe, analisukuma mbele.

"Lakini wa pili naye anasaga."