Barua Niliyotaka Irudishwe

Adhuhuri moja siisahau, mwanangu. Nilikuwa hapa Buffalo, mtaa huu huu wa Lower West Side, mwezi wa pili, theluji imefika magotini. Nilikuwa nimeketi kwenye chumba cha mapumziko cha nyumba ya wazee nilikokuwa nikifanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha, nina bakuli la wali na maharage mkononi, simu ikaita. Namba ilikuwa ya Louisville. Chakula kilinishinda hata kabla sijapokea, maana miaka ile niliogopa simu yoyote nisiyoitarajia.

Nakusimulia kwa sababu ya jana. Ulikuja baada ya ibada, ukakaa kwenye kochi langu bila kuvua koti, ukanionyesha kwenye simu maneno ya uhamiaji kwamba kesi ya mkeo bado inashughulikiwa. Miezi kumi na moja maneno ni yale yale. Nilipokuuliza kama uliwaarifu kwamba umehama kutoka Columbus, ukainamia zulia langu kana kwamba unalinunua. Basi leo kunywa chai, unisikilize. Mimi si mwanasheria, na Kiingereza changu unakijua, kinawachekesha watoto wa Sunday school. Lakini kuogopa ndiko nilikosomea.

Mume wangu Melkiadi, huyu unayemwona akipanga viti kanisani, tulioana kambini Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Sote ni Warundi tuliokulia Tanzania. Wakati tunafunga ndoa, faili langu na la mama yangu la kuja Amerika lilikuwa limeshafika mbali. Afisa alitueleza wazi kwamba tukitaka kumwingiza mume tungoje, hakujua mpaka lini, au mimi nitangulie na mama, kisha nimwombee ruhusa ya kuja nikishafika. Tukachagua nitangulie. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, umri ambao ninyi mnauona ni uzee, ila akili yangu ilikuwa bado changa. Nilikuwa pia na mimba ya miezi minne, na niliificha chini ya kitenge.

Niliificha kwa sababu pale kambini tulikuwa na sheria yetu. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua: faili haliguswi. Jirani yetu alikwenda kuripoti mtoto aliyezaliwa, faili la nyumba nzima likasimama, wenzao wakapanda basi wao wakabaki wanapunga mikono. Tangu hapo watu walificha mimba, walificha ndoa, walificha hata kikohozi. Tuliamini kwamba ukienda kuuliza ofisini, faili lako linarudishwa chini ya mengine. Mwenye busara alikwenda asubuhi kwenye ubao wa matangazo, akasoma majina yaliyobandikwa, asipoliona lake akarudi nyumbani kimya. Nilikua hivyo, miaka na miaka. Nilishuka kwenye ndege na sheria hiyo kichwani, na hakuna aliyeniambia niivue.

Louisville walitupa nyumba upande wa Highview, mimi, mama na kaka yangu Fabiani. Mlango wetu ulitazamana na wa Mama Sifa, mjane Mkongomani kutoka Uvira, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Neema alipozaliwa, ni yeye aliyenikorogea uji. Mtoto alipofikisha miezi mitatu, dada mmoja wa ofisi ya wakimbizi alinisaidia kujaza fomu za kumwombea Melkiadi. Aliniomba cheti cha kuzaliwa cha Neema akiambatanishe. Nikamwambia kimepotea. Kilikuwa ndani ya begi, mapajani mwangu. Niliogopa watahesabu miezi, wajue nilipanda ndege na mimba ambayo sikuitaja, wafunge kila kitu.

Risiti ya maombi ilipokuja, dada yule aliniambia jambo moja tu: ukihama, waarifu. Nikaitikia kwa kichwa. Nilimwelewa kila neno, mwanangu, usije ukadhani ni lugha.

Mwaka haukwisha, Fabiani akapata kazi kwenye ghala kule Columbus, tukahama. Nilikaa mezani na ile karatasi ya kubadili anwani, nikaandika jina langu, kisha mkono ukagoma. Nilijiona nagusa faili. Nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia, nikajiambia nitaituma wiki ijayo.

Columbus ndipo hofu iliponizidi. Watu waliowaombea wenzi wao baada yangu walikuwa wakienda kuwapokea uwanja wa ndege na maua ya plastiki, mimi nimesimama tu nawapigia vigelegele. Nikawa nawaza usiku na mchana wamegundua nini. Labda mimba. Labda ile tarehe ya kuzaliwa ya Melkiadi, maana kambini waliandikiwa Januari mosi yeye na nusu ya jirani zake, na cheti cha kanisa kinasema mwezi mwingine. Nikimwona mtu wa posta dirishani, narudi nyuma ya pazia. Nilikonda mpaka pete ikawa inatoka kidoleni nikifua. Niliogopa kumpoteza mume, niliogopa kufukuzwa mimi na mtoto, na zaidi ya yote niliogopa kuuliza.

Melkiadi alipiga simu kila Jumapili. "Wamesemaje?" Sikuweza kumwambia sijui. Nikamwambia, "Wamesema bado kidogo." Hawakuwa wamesema chochote, na hata kama wangesema, wangesema kwenye nyumba nisiyokaa tena. Mara ya kwanza nilitaka tu apate usingizi. Baadaye nikawa nasema bila hata kufikiri. Na yeye aliniamini. Alikuwa fundi wa baiskeli, ana kibanda chake karibu na soko, akampa mtu mwingine kile kibanda kwa kuwa yuko njiani. Alikataa kuezeka upya nyumba yake. Mwaka huo kambi ilifurika watu wapya waliokimbia Burundi, foleni za maji zikawa za nusu siku, na mume wangu akabaki bila kazi, juu yake paa linavuja, kila asubuhi anakwenda kwenye ubao. Watu wakaanza kumcheka kwamba mkewe amepata mwanamume Amerika. Nikimpa Neema simu, mtoto anamjibu vijineno vya Kiingereza. Melkiadi ananiuliza, "Amesema nini mwanangu?" Hilo lilikuwa linaniumiza kuliko yote.

Ghala likapunguza watu, shangazi yetu aliyekuwa Buffalo akatuita. Tukahama tena. Karatasi ilihama nasi ndani ya Biblia.

Sasa rudi kwenye ile simu. Alikuwa Mama Sifa.

"Mama Neema, iko barua yako huku. Batu baliingia mu nyumba yenu ndio baliniletea."

"Imefika lini?"

"Bon, siku mingi. Nilisema utakuja kututembelea, nitakupatia mu mukono. Barua ya mutu, batu habafungule. Lakini leo roho ilinikatala, nikaambia mujukuu wangu asome. Batu ba uhamiaji banataka ushuhuda ya ndoa yenu. Iko na tarehe ya mwisho. Imebakia siku tisa."

Siku tisa. Niliinuka ghafla, bakuli likamwagika kwenye sketi. Na sasa nakuambia jambo ambalo hata mchungaji hajui. Sikumshukuru. Nilimwambia, "Mama Sifa, ifunge vizuri, uirudishe posta, waambie mtu huyu hakai hapa." Niliona kwamba barua ikirudi, itakuwa kana kwamba haikufika, na faili litalala salama pale lilipo. Hebu niangalie. Mwanamke mzima, mama wa mtu, nikiamini kwamba nikijificha serikali itanisahau kwa wema.

Mama Sifa alinijibu polepole. Ile sauti kubwa haikuwepo.

"Sikiliza, mutoto wangu. Kule ku kambi tulingojea majina ku ubao. Huku hakuna ubao. Huku ubao ni boîte yako ya barua, na wewe umeikimbia mara mbili. Donc, nani anamufungia bwana yako mulango? Ni serikali, ao ni wewe? Barua sirudishe. Kuja uichukue."

Akakata simu. Nililia pale pale, mbele ya mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa akisubiri nimsukume kwenye kiti chake, naye akanipa kitambaa chake.

Asubuhi yake nikapanda basi. Kutoka Buffalo mpaka Louisville ni siku nzima. Tulipita Columbus mchana, nikaliona lile ghala kwa mbali, na hofu ikanishika kana kwamba kuna mtu ndani yake anayenijua na kunishtaki. Mama Sifa alinipokea kituoni na chupa ya chai, akanipa bahasha, hakunisema tena. Kesho yake tukaenda wote kwa mwanasheria mmoja mama aliyewasaidia wakimbizi. Nikamweleza kila kitu, mimba, cheti, kuhama mara mbili. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza yake. Nilitegemea atainua simu kuwaita polisi.

Akaniuliza kwa nini sikuwaambia uhamiaji. Nikamjibu kwamba kambini faili haliguswi. Akavua miwani.

"Hapa faili likiandikiwa barua lisijibu, wanalifunga," akasema. "Na wameandika kwa sababu hawajaona kitu kinachoonyesha mlikuwa mume na mke. Cheti cha huyu mtoto kiko wapi?"

Nikakitoa. Jina la Melkiadi lilikuwa pale, kama baba. Akasema kwamba kusafiri na mimba si kosa la kumfungia mtu faili, na kwamba karatasi niliyoificha kwa miaka miwili ndiyo iliyokuwa ikihitajika kuliko zote. Sikufurahi, mwanangu. Nilitaka kuzimia kwa aibu.

Alihitaji pia maelezo ya Melkiadi mwenyewe na picha za harusi zilizobaki kambini. Maana yake nimpigie, nimwambie kwa nini. Nilimpigia jua likiwa la saa tano huku, kule ni jioni, Mama Sifa amekaa kando yangu. Nikamwambia kwamba hakuna aliyewahi kusema bado kidogo. Ni mimi.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kwa hiyo asubuhi zote zile nilikuwa naenda kusoma nini?" Kisha simu ikakatika, na sikujua kama ni mtandao au ni yeye.

Siku mbili hakupokea. Uhamiaji haukunitisha tena, wala polisi. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nimempoteza mume, na mkono uliompoteza ni wangu. Siku ya tatu mchungaji wa kambini akatuma picha na barua kwa simu yake. Barua ya Melkiadi ilieleza harusi yetu, mvua iliyonyesha, nani alipika nini. Kuhusu mimi aliandika mstari mmoja: huyu ni mke wangu, naomba nifike kwake. Tulituma vyote zikiwa zimebaki siku mbili. Siku hiyo hiyo nikatuma na anwani ya Buffalo.

Haikuisha hapo. Walinyamaza tena miezi mingi, wakaomba vipimo vya afya, vipimo vikapitwa na wakati, vikarudiwa. Sijui kwa nini, na hata yule mwanasheria hakujua. Lakini Jumapili Melkiadi akiniuliza wamesemaje, nilimjibu, "Hawajasema kitu, nami naogopa." Naye akawa ananiambia, "Hata mimi." Tukaogopa pamoja mpaka alipokuja, vuli ya mwaka uliofuata. Neema alikuwa anakaribia miaka minne, akajificha nyuma yangu.

Alinisamehe, alinitamkia kwa mdomo wake. Lakini mpaka leo, mwanangu, nikimwambia chakula bado kidogo, huinuka kimya akaenda jikoni, akafunua sufuria aone mwenyewe. Hajui kama anafanya hivyo. Mimi najua.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya kazi, tuma anwani yako mpya. Mpigie na jamaa aliyebaki kwenye nyumba yako ya Columbus, umuulize kuhusu barua. Ikiwepo, ifungue ukiwa umekaa na mtu anayejua sheria, si na sisi wa kanisani tunaojua kila kitu. Usihesabu nani amefika kabla ya nani. Kuchelewa kwingine hakuna maelezo, hutayapata hata ukikonda. Ila kuna kuchelewa kunakotoka mikononi mwetu, nako ni lazima ukutafute. Na leo hii, kabla hujatoka hapa, mpigie mkeo, kule bado hawajalala. Kama hujui, mwambie hujui. Kama unaogopa, mwambie unaogopa. Ana haki ya kujua anangoja nini.

Mungu aliyetuhesabu kambini wakati hatukuwa na majina ubaoni, akuhesabu na wewe na mkeo. Akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli na mkono usiogoma. Siku atakaposhuka kwenye ndege, akukute huna kitu cha kumficha. Chukua simu yangu hii, ina salio.