Pikipiki Isiyokuwa na Taa

Juzi kijana alikuwa akikata nyasi nje ya dirisha langu kwa ile mashine ya kubeba mgongoni, na moshi wake wa buluu ukaingia ndani bila hodi. Ni moshi wa petroli iliyochanganywa na oili, mtamu kidogo, mchungu kidogo, unaong'ang'ania nywele. Wenzangu walikohoa wakafunga madirisha. Mimi nilivuta pumzi mpaka vifungo vya blauzi vikataka kuruka. Hivyo ndivyo alivyonukia baba yangu.

Uhuru ulikuwa bado mpya, bendera haijaanza kupauka. Mama alikuwa amefariki, nami niliishi na kukhu, nyanya yangu mzaa baba, pembeni mwa mji wa Kakamega, katika nyumba ya udongo iliyokuwa kimya kiasi kwamba ukimwaga chumvi unaisikia. Baba aliendesha trekta kule Lugari, kwenye mashamba ambayo Wazungu walikuwa wakiyaacha na watu wetu wakikatiwa vipande. Mzungu wake alipofunga virago alimwachia pikipiki ya mwanawe, ile ya kushindana kwenye matope na vilima: nyembamba kama panzi, magurudumu yenye meno, kelele ya kuamsha nyani wote wa msituni. Kiti kilikuwa cha mtu mmoja. Taa haikuwa nayo, kwa sababu mashindano hayaendeshwi gizani.

Hiyo taa isiyokuwepo ndiyo iliyopanga maisha yangu. Baba alifika Jumamosi kabla jua halijazama, akaondoka Jumapili likiwa bado juu. Wiki nzima nilimlimbikizia maneno ya kujaza lori: jino lililong'oka, mwalimu aliyetandika darasa zima, na lile kubwa kuliko yote, kwamba nilitaka anichukue tukaishi naye Lugari, hata kama ni kulala ndani ya trekta.

Lakini kila Jumapili, tukitoka kanisani, baba alitandaza gunia uani na kuifungua ile mashine. Alitoa plagi akaisugua kwa msasa. Akafungua kichwa cha silinda, akanipa kijiti cha mwanzi nikwangue masizi juu ya pistoni, maana chuma kingeichubua. Bomba la moshi alilitia katika moto uleule ambao kukhu alikuwa akipikia ingokho, kuku wa Jumapili, ili mafuta yaliyoganda ndani yawake na kutoka.

"Wewe! Hii bomba yako inamalizanga kuni yangu!" kukhu alifoka, mwiko juu.

"Mama, ingokho itanukia Ulaya."

"Ulaya ikae hukohuko! Mimi nataka inukie kuku!"

Huo ndio uliokuwa mcheko wetu wa wiki. Baada yake ni "Lete spana," "Shika hapa," "Puliza." Kisha alirudisha kila kitu mahali pake, akachanganya petroli na oili ndani ya debe, akala imondo, ile firigisi ya kuku ambayo kwetu ni haki ya baba wa nyumba, akapiga kiki na kwenda zake. Nilibaki nimesimama ndani ya moshi na lori langu la maneno, halijashushwa hata gunia moja. Niliichukia mashine ile kama mke mwenza.

Jumapili moja nikajitia ujasiri. Baba alipoinama kuchukua gunia, nikamshika mkono.

"Baba, leo tusiifungue."

"Kwani imekukosea nini, Khasandi?"

"Nataka tukae tu."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia turushe ndege. Kisha akalikunja gunia polepole, akaketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Sikuwa nimewahi kuiona mikono ile ikiwa mitupu. Ilikuwa mikubwa, na haikujua pa kwenda.

"Shule je?"

"Nzuri."

"Kukhu yako hakusumbui?"

"Hapana."

Lori zima la maneno, jamani, likakataa kuwaka! Jogoo wa jirani akapita. Tulimtazama wote wawili, kwa makini kama watu wanaotaka kumnunua, mpaka akapotelea nyuma ya nyumba. Baba akainua macho.

"Mvua itakuja mapema leo," akasema. Mbingu ilikuwa safi kama sahani ya Krismasi.

Akavaa koti, akapiga kiki, akaenda kabla obusuma, ugali wetu, haujasongwa.

Kukhu alitoka jikoni. "Ameenda? Sasa imondo ni ya nani?"

Siku hizo wanawake hatukula kuku, sembuse imondo. Ilikaa kwenye bakuli mpaka ikashika utando wa mafuta. Nilienda nyuma ya choo nikalia machozi ya kufurisha mto Isiukhu, kwa kuwa nilikuwa nimepata jibu langu bila kuuliza: baba alikuja kwa ajili ya pikipiki. Lile la Lugari sikulisema tena. Jumapili iliyofuata nilitandaza gunia mwenyewe. Baba aliliona, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaanza kutafuta spana.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto na nimejibana kwenye dawati la kitoto katika masomo ya jioni, mwalimu wa ufundi alichora injini ya aina ile ubaoni. Akasema masizi yake hujijenga taratibu, miezi na miezi. Nikainua mkono.

"Na mtu anayeifungua kila Jumapili?"

"Kila Jumapili? Mama, huyo haitengenezi, anaimaliza! Huyo ana shida nyingine."

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka kuwashinda, kisha nikainama chini ya dawati kama ninayetafuta kalamu.

Baba alikuwa mtu wa mashine. Kwamba masizi huchukua miezi alijua vizuri. Masizi niliyokuwa nikikwangua hayakuwepo, nami nilidhani ni ufundi wangu ndio unaoing'arisha pistoni ile. Mwanamume aliyefiwa na mkewe, mbele ya binti mwenye macho ya mkewe, hakujua aanzie wapi. Basi alianzia kwenye plagi. Alisafiri vumbi lote lile kutoka Lugari ili tuinamie kitu kimoja, vichwa vyetu vikikaribia kugusana, na mimi nikamwomba akiweke kando.

Kwenye gunia lile tulikuwa wapweke wawili. Mimi nilimhesabu mmoja tu.