Kinyaa na Kitabu cha Mvuke

"Msichana gani huyu hanawi mikono!" Kinyaa alikibwaga kitabu mezani mpaka kola za mashati zikaruka. "Toka mwanzo anashika grisi, anashika makaa, halafu anachukua mkate anakula. Anakula! Na mwandishi anamsifu eti jasiri. Jasiri wa uchafu."

"Soma, shoga," nikamwambia. "Hujaambiwa umwoe."

"Sisomi."

"Husomi, shika pasi," akadakia wifi yangu kutoka meza ya pili, bila kuinua kichwa.

Kinyaa akakiokota kitabu, akafuta jalada kwa kitambaa cha sabuni, akaendelea. Angefanya nini?

Sisi watatu ndio chumba cha pasi, nyuma ya duka la dobi. Tangu Kinyaa ateleze kwenye sakafu yenye povu, kifundo cha mkono wake wa kulia hakijakaa sawa. Akishika pasi kidogo tu kinavimba kama unga uliotiwa hamira. Msimamizi hatazami nani kanyoosha nini, anatazama tenga la chumba kizima kama limejaa. Kwa hiyo tukapatana: yeye atusomee, sisi tumpigie pasi fungu lake. Siku tutakayokataa, tenga litapungua, msimamizi atauliza, na Kinyaa atarudi kwake bila kazi. Hilo alilijua yeye, na sisi tulilijua.

Kitabu chenyewe kilikuja kimeviringishwa ndani ya shuka chafu za nyumba ya wageni, na mwenyewe hakurudi kukiuliza. Hadithi ya vijana. Mji mzima unaendeshwa kwa mvuke: magari, saa, hata ndege wa shaba, na msichana anaunda chombo cha kuruka. Nyuma ya jalada wamepanga sifa za wasomaji. Mmoja eti hakupata usingizi, mwingine alilia. Mimi nililala vizuri sana. Mvuke! Sisi tunashinda ndani ya mvuke mpaka kope zinalowa, na sijaona aliyepaa.

Halafu kijana anayependwa. Kifua chake cha shaba, na akimwona msichana kinapiga filimbi kama birika.

"Mume wangu akipiga filimbi kifuani," nikasema, "nampeleka hospitali. Simbusu."

"Wewe huna mapenzi," wifi akanijibu.

Yeye kitabu alikipenda, lakini kwa ajili ya mama. Mama wa yule msichana alikuwa mgonjwa kitandani, na binti, pamoja na masizi yake yote, kila jioni alitua juu ya paa, akaingia kumnywesha supu, kumgeuza ubavu, kumbadilishia shuka. Kinyaa akifika hapo sauti ilimlainika. Wifi aliinua pasi, akasahau kuishusha.

Jina la Kinyaa alipewa na mumewe, kwa sababu alisuuza kikombe kabla ya kunywa na baada ya kunywa. Alimwacha mume huyo siku mwanamume alipotema mate kwenye karo la vyombo. Watu walicheka wakashika mbavu: talaka ya mate! Lakini mkwewe alipopooza, na yule mwanamume safari zikawa hazimwishi, aliyerudi nyumba ile ni Kinyaa. Alimwosha bibi wa watu, akamfuta, akamlisha kwa kijiko, mpaka akafumba macho mikononi mwake. Wageni ndio walioziba pua. Yeye hakuziba.

Basi siku moja Kinyaa katoka kwenda bombani, wifi akakivuta kitabu atafute tena pale pa supu. Anasoma kwa kidole, polepole, midomo ikicheza. Mara akaniita kama ameona nyoka.

"Mama amekufa!"

"Lini?"

"Zamani! Kitabu hata nusu hakijafika! Kafa peke yake, binti yuko angani anakaza skrubu!"

Kinyaa akaingia akifuta mikono.

"Dada," wifi akamwuliza, "supu iko ukurasa gani?"

Kinyaa akakitazama kitabu, akatutazama sisi. "Haiko."

"Na kubadilisha shuka?"

"Hakuko."

"Kwa hiyo tumekupigia mashati kwa uongo uliojitungia!"

"Nilifika pale nikaona kinyaa," akasema. "Grisi inaoshwa, hiyo nilikuwa nagomba tu. Lakini mama anakauka peke yake kitandani, na mwanawe anabusiwa na birika? Nilishindwa kuyatia mdomoni mwangu."

"Ungetuambia."

"Ningewaambia mngekifunga. Na kikifungwa, mimi nashika nini?"

Wifi macho yalikuwa yamemjaa machozi, ya hasira na ya kitu kingine. "Nilikuwa narudi nyumbani namwaza yule mama. Namwombea! Rudisha mashati yangu."

Kinyaa alikunja mikono ya gauni, akavuta fungu la wifi, akashika pasi kwa mkono ule ule mbovu. Shati la kwanza likatoka. La pili kola ilimshinda, akairudia. Jasho lilimtiririka kidevuni, na kifundo kilianza kujaa mbele ya macho yetu. Mimi deni langu nilikuwa nimelisamehe moyoni, lakini deni la mtu halisamehewi na jirani.

Alipovuta la tatu, wifi akasema, "Weka pasi. Nisomee anapokufa. Kama kilivyoandikwa."

Akasoma. Kitabu kilimwua yule mama kwa mistari mitatu. Akaita jina la binti yake, taa ikazimika, basi. Chini yake tu filimbi ya kifua inalia. Kinyaa hakumwongezea hata tone la maji.

Wifi akafyonya kwa nguvu. "Mistari mitatu! Kuku anachinjwa kwa maneno mengi kuliko hayo. Mtu mzima na akili zake anakaa anaandika takataka hii!"

"Si nilikwambia?"

"Hukuniambia. Ulinidanganya." Akamnyang'anya shati. "Hebu toa mkono wako huo hapa. Sikudai."

Akalitandaza mezani mwenyewe, akaanza na mabega.