Senene wa Mama

Juzi binti yangu alimaliza bakuli la senene, wale panzi wa kukaanga, akalamba vidole, nami nikashindwa kumtazama.

Nilimkumbuka marehemu mama, alasiri ile jikoni kwetu Nyakatuntu, akiwakaanga kwa chumvi huku akikohoa. Alikuwa amekonda. Muuguzi alikuwa amemwambia kinga yake imeshuka, ale vyakula vya kujenga mwili. Harufu ilijaa hadi uani. Bakuli likaenda kwa baba. Mimi, mwanawe wa kiume, akanijazia viganja.

“Mama, nawe kula.”

“Kwetu mwanamke hali senene, mwanangu. Ni mwiko. Ndizi zinanitosha.”

Nikaamini senene humdhuru mwanamke. Nikawatafuna haraka haraka, mama asije akashawishika akazidi kuugua. Yeye alibaki kando ya moto, akinusa vidole vyake.