Henga za Mama Watoto

Kati ya duka langu la vyombo na duka la nguo za watoto la jirani yangu kuna ukuta wa mbao nyembamba, wa kusikia hata mtu akimenya pipi. Wateja walimbatiza Mama Watoto kwa sababu ya biashara. Mtoto hakuwa naye. Waliolijua hilo walilitamka jina haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye msiba.

Nimekaa sokoni muda wa kutosha kumjua muuzaji na kumjua anayepoteza siku. Yule ni muuzaji. Alianza na soksi kwenye kitambaa alichotandika chini, leo ana kioo na sanamu ya mtoto dirishani, kila asubuhi anaivalisha upya. Silaha yake ilikuwa uso. Kwa wauzaji wa jumla aliugusa mzigo anaoutaka kama kitu kichafu, kisha akageuka kuondoka, mpaka aitwe. Muuzaji akishaona unataka, umekwisha. Nami nafanya hivyo hivyo, na mbinu hiyo imenilisha.

Sauti moja tu ilikuwa ikinisumbua. Kila mwezi, upande wa pili wa ukuta, henga ziligongana kwenye bomba la kutundikia nguo. Haukuwa mlio wa mtu anayechambua nguo. Zilitetemeka zote pamoja, taratibu, kwa muda mrefu, kisha kimya. Nikimuuliza, "Kuna nini huko?" alijibu, "Napanga mzigo, dada."

Siku moja nilikwenda kuazima mkasi. Nilimkuta ameshika bomba kwa mikono miwili, kichwa kimezama katikati ya magauni madogo, jasho linamtoka, henga zinacheza. Mteja akaingia nyuma yangu. Mama Watoto akanyooka, akajifuta uso kwa kiganja, akasema, "Karibu mama, wa kike au wa kiume?" Akauza, tena vizuri. Nilimheshimu, na nikamwogopa kidogo.

Mteja alipotoka akakaa juu ya robota la nguo.

"Ni siku zangu," akasema.

"Ndiko kupanga mzigo kwenyewe?"

"Ndiyo."

"Hospitali je?"

"Nimekwenda mpaka mlinzi ananiuliza hali ya nyumbani. Wanasema ni kawaida, nikizaa maumivu yataisha. Na kuzaa ndiko kulikonipeleka."

Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa ameshapimwa na hakukutwa na tatizo. Majibu aliyakunja akayatia mfukoni, asimwonyeshe hata mama yake, ambaye siku zote alimtazama mkwewe tumboni kabla ya kumtazama usoni.

"Afadhali angeringa," akaniambia. "Ningegombana naye. Mpole hugombani naye, unabaki kusikiliza anavyopumua." Akashika tumbo. "Yakinishika, dada, ni kama mtu anagonga kutoka ndani. Na mimi sijui mlango uko wapi."

Akaniomba nimsindikize kwa daktari wa magonjwa ya wanawake ambaye hakuwa amemjaribu. Nikafunga duka, jambo nisilolifanya hata nikiwa na homa.

Alikwenda amependeza, wanja umenyooka, mkoba mapajani. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kuning'iniza kwa uzi, akamuuliza maumivu yakoje.

"Yapo kidogo."

"Yanakuzuia kufanya kazi?"

"Nafanya tu."

"Na mtoto, mmetafuta muda mrefu?"

Akaangalia dirishani. "Si kwamba nina haraka."

Nikautambua ule uso. Ulikuwa ule ule wa kwa wauzaji wa jumla. Miaka yote alikuwa akiingia kwa madaktari, anagusa mzigo kama kitu kichafu, anaelekea mlangoni polepole akingoja kuitwa. Hakuna aliyemwita.

"Shoga," nikasema, "huyu hauzi kitu. Mpe bei yenyewe."

Daktari akatutazama kwa zamu. Nikajua Mama Watoto atanitukana. Badala yake akaanza kuongea, akiuambia mkoba. Kwamba hushika bomba asianguke. Kwamba siku hizo akienda msalani huuma kitambaa. Kwamba tendo la ndoa limekuwa la kuvumilia, mume anajua, na wote wawili wanajifanya hajui. Kwamba ile sanamu ya dirishani haina uso, na juzi amejikuta anaiomba radhi kwa kuchelewa.

"Namtaka mtoto," akasema. "Namtaka mpaka naogopa."

Uso ulikuwa umebomoka wote. Sikupenda kuutazama.

Daktari akaweka kalamu chini. "Kwingine hukuyasema haya?"

"Waliniuliza kama naweza kufanya kazi."

"Walipaswa kukuuliza zaidi."

Picha ya tumbo haikuonyesha kitu, na safari hii hawakuishia hapo. Wakamlaza, wakapitisha kamera ndogo kitovuni. Nyama inayofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba ilikuwa imeota nje yake, ikivuja damu kila mwezi pasipo pa kutokea, ikaanza kugandanisha viungo. Endometriosisi. Alilirudia jina hilo polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mgeni ambaye miaka yote amekuwa akiishi naye nyumba moja.

Walichoweza kuondoa wakaondoa. "Nafasi ya kushika mimba ipo," daktari akamwambia, "lakini siahidi. Na maumivu yanaweza kurudi. Yakirudi usisubiri, njoo."

Tangu hapo nimepata tabia mbaya. Siku zake zikikaribia, mikono inafunga vyombo vya wateja huku sikio liko ukutani. Miezi ya mwanzo henga zilinyamaza; aliniambia siku zinakuja, ila hazimshiki tena. Kisha mwezi huu siku zikachelewa. Hakusema, lakini asubuhi nilimwona anaivalisha sanamu huku anaimba chinichini. Hata mimi, nisiyenunua sufuria bila kuigonga, nikaanza kuwaza upumbavu.

Jana nilikuwa napangusa vifuniko. Zikaanza. Taratibu, zote pamoja.

Nikabaki na kitambaa mkononi.

"Unapanga mzigo?" nikauuliza ukuta.

Henga zikaendelea. Nilichungulia nje; sanamu ya dirishani, niliyoiona kwa pembeni, ilikuwa imevaa mkono mmoja tu wa sweta.

"Sipangi," akasema. "Funga duka, dada. Twende."