Isale Kwenye Usukani wa Gari la Harusi

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu Godlisten, na miguu yangu inaikumbuka kuliko mimi. Jana uliponipa lifti kushuka Marangu Mtoni na hilo gari lako la michezo, hukuona nilivyokuwa nakanyaga sakafu? Nilikuwa nakusaidia kufunga breki. Na wewe kwenye kona ya mwisho ulikanyaga mara mbili. Usibishe, nilikuona. Kisha ukafungua kioo upesi, kana kwamba shangazi yako haijui harufu ya breki zinazoungua.

Na kesho unataka kumshusha dada yako Neema kanisani mjini, na shela lake, ndani ya gari hilo hilo. Usingizi sijaupata. Kaa hapo, kula mtori ungali wa moto, nikusimulie kabla baba yako hajarudi kutoka kukata majani ya ng'ombe, maana habari hii haipendi kabisa.

Bibi harusi nilikuwa mimi. Baba yako, kaka yangu, alikuwa kijana kama wewe, na kichwa kigumu kama wewe. Alikuwa amenunua gari la michezo la zamani kwa mzungu mmoja wa mashamba ya kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Jekundu, milango miwili, limekaa chini hivi kwamba ukiingia unaketi kama mtu anayekamua ng'ombe. Alilipenda! Alilipiga nta asubuhi na jioni. Ilikuwa Desemba, na unatujua Wachagga na Desemba, kila mtu anapanda nyumbani na gari lake na kila gari linakaguliwa na mtaa mzima. Akiba yake yote ikaishia kwenye ringi na redio. Ukimuuliza breki, anasema zipo.

Siku moja kabla ya harusi tukashuka, mimi na yeye, kufuata gauni langu kwa fundi wa Kiboriloni. Petroli ilikuwa shida siku hizo, na vijana wa mlimani walikuwa na ujanja wao: gari likishika mteremko, unalitoa gia, linashuka free hadi Himo bila kula mafuta. Mnafanya hivyo mpaka leo, nawaona. Lakini gari likiwa free injini hailizuii, mwanangu. Kazi yote zinaachiwa zile breki nne kwenye magurudumu, na zikichemka, zinachemka kweli.

Tulikuwa tunacheka. Mara nikaona amekanyaga, akakanyaga tena, na uso ukambadilika.

"Kaka, kuna nini?"

Pedeli ilikuwa imekwenda chini yote na gari linazidi kukimbia. Mbele yetu akina mama waliokuwa wanatoka sokoni wamejaa barabarani na mikungu ya ndizi kichwani. Nikaita Yesu kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena. Kaka akapambana na gia, ikagoma, ikalia, mwisho ikaingia. Akavuta hendibreki, akaliburuza gari ubavu mzima kwenye ukuta wa udongo wa kando ya barabara mpaka likasimama. Mama mmoja alikuwa karibu hivi, ningeweza kunyoosha mkono dirishani nikashika kanga yake. Mkungu ulikuwa umemponyoka. Hakututukana. Alitutazama tu, akaanza kulia, na mimi nikalia naye.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo panaponiogopesha mpaka leo. Tulikaa pale, breki zikapoa, na pedeli ikarudi juu. Baba yako akaikanyaga, akatabasamu. "Umeona? Zilikuwa zimechoka tu. Kesho nakushusha." Alikuwa ameshawatangazia rafiki zake wote, angeanzaje kurudi nyuma? Unanielewa? Breki zilimdanganya, naye akakubali kudanganywa.

Tulipofika nyumbani na gauni, nilishuka, nikaenda moja kwa moja kwa Baba Mkubwa Anaeli, kaka wa baba yetu. Huyo aliendesha lori la kahawa mlimani hapa maisha yake yote. Nilidhani atatoka na fimbo. Weee! Alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba, akachuma jani moja la isale, akavua kofia, akamfuata kaka pale alipokuwa anafuta mikwaruzo. Akaliweka lile jani juu ya usukani.

Unajua isale kwetu ni nini. Aliyekosa ndiye anayempelekea aliyemkosea, na ukishapelekewa, kukataa huwezi. Sasa hapa mzee mwenye mvi anampelekea kijana, tena kijana ndiye mkosaji! Kaka akaacha kufuta.

"Baba Mkubwa, unaniomba msamaha wa nini?"

"Wa kesho," mzee akasema. "Kesho nitalala barabarani mbele ya gari hili, wageni wote wakiona. Nitakuaibisha, na nitakuwa nimekukosea. Ndiyo maana naomba unisamehe leo."

Baba yako alilichukua lile jani. Kisha akatoa funguo mfukoni, akampa mzee kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

Basi mchana ule, mwanangu, kazi ikaanza hapo uani. Na hakikununuliwa chochote cha bei ya kutisha. Mzee alitoa mafuta ya breki ya zamani, yakatoka meusi kama kahawa iliyokolea. Mafuta hayo yakikaa miaka yanavuta maji, na maji yakipata moto wa mteremko yanachemka. Hapo unakanyaga povu. Ile mipira inayopeleka mafuta kwenye magurudumu ilikuwa imevimba na kupasuka, akaitupa, akaweka mipya. Pedi zilikuwa zimeungua hadi zikang'aa kama kioo, zikabadilishwa. Pini ambazo kaliper, ile inayobana pedi, hutembea juu yake zilikuwa zimeganda kwa kutu, akazisafisha na kuzipaka grisi yake. Kisha ikaja kutoa upepo uliobaki kwenye mafuta, na mtu wa kukanyaga pedeli hakuna. Nani akaitwa? Bibi harusi, na roller zangu kichwani! "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Wapambe wangu walicheka hadi wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikanyaga kama nasali, mpaka nikaisikia pedeli imekuwa ngumu chini ya mguu wangu.

Kesho yake tulishuka kwa gia ya pili, injini inanguruma mlima mzima. Baba Mkubwa alijikunja kiti cha nyuma, magoti kidevuni, mkono begani kwa kaka. "Ya pili. Ibaki ya pili." Watu walitucheka njia nzima. Kanisani kwaya ilikuwa imeshamaliza nyimbo zake zote ikitungoja. Lakini nilifika, na baba yako alifika, ndiyo maana wewe upo hapa unamaliza mtori wangu.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Hiyo rangi nyekundu uliyopaka kaliper haishiki gari. Ringi kubwa haishiki gari. Kabla ya kutamani breki kubwa za bei mbaya, zirudishe kwanza hizo ulizonazo ziwe kama zilivyozaliwa. Weka mafuta mapya, chupa isiyowahi kufunguliwa, aina ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko. Kagua mipira. Pedi nunua halisi, duka unaloliamini. Diski zikiwa zimekwisha, usizionee huruma. Tairi zilizolika zitupe, kwani breki itafanya nini kama tairi inateleza? Shusha na hilo spika kubwa la kwenye buti, linakusukuma mteremkoni bure. Na dawa isiyouzwa popote: ingiza gia ndogo huku juu, kabla mlima haujakushika, na free uisahau. Gari lisitoke hapa. Fundi wa Marangu Mtoni apande, na bodaboda afuate vifaa mjini. Asubuhi bado ni mbichi.

Ukiona ni uoga wa kizee, nenda katazame usukani wako. Nimekuwekea isale wakati unanawa mikono. Nisamehe leo, Godlisten, kwa sababu kesho, breki hizo zikiwa hivyo zilivyo, mimi na hili goti langu bovu tutalala barabarani mbele ya wageni wote. Na ukikosa mtu wa kukukanyagia pedeli, niite.

Mungu aibariki mikono yako leo na mguu wako kesho. Akutangulie kwenye kila kona, amfikishe Neema wetu, na jioni tuzungumze habari za harusi peke yake.