Nilivyopunguza Pango kwa Mdomo

Kisa hiki kimenigharimu shilingi elfu kumi na mbili na mia nne. Nimehesabu mara mbili, hazipungui.

Zama hizi za ruksa, kila mtu na biashara yake, nilisikia kwamba wapanda Kilimanjaro hulipia vibanda vya kulala. Nami nikajenga changu, cha miti na mikeka niliyonunua kwa fedha hizo, juu ya mlima wa mawe ng'ambo ya Chang'ombe, hapa Dodoma. Mteja wa kwanza akawa mwalimu mgeni kutoka Moshi, mwenye wanafunzi sita.

"Shikamoo mwalimu. Njia naijua."

"Marahaba. Huko juu kuna pango?"

Nikamheshimu, mtu anayeanza na bei hapotezi muda.

"Lipo, ila si kubwa."

"Litatutosha wote saba?"

"Hilo hilo moja kwa wote. Na likikushinda, nitalipunguza."

"Utalipunguzaje?"

"Kwa mdomo tu, mwalimu."

Tukapanda. Tulipofika, jua lilikuwa linazama, na upepo wa Dodoma ulikuwa umeshabeba mikeka yote. Zilibaki nguzo. Mwalimu hakuziangalia hata kidogo, alikuwa akizunguka mawe.

"Sasa pango liko wapi?"

"Liko kwako, mwalimu. Bado hujanilipa."

Wanafunzi walicheka hadi wakakaa chini. Kumbe alitaka pango la mwamba, la kujilaza. Mimi mpangaji wa Chang'ombe, pango ninalolijua ni lile la kumlipa mwenye nyumba mwisho wa mwezi.

Walishuka bila kunilipa. Nishaurini: mwalimu hakulala, na upepo hauna anwani. Mikeka yangu nimdai nani?